Jiwe Lililokataa Kuwa Zumaridi

Mama alishuka na basi la Kibondo siku ya Jumamosi, siku ambayo nilikuwa nimepanga kufua, kusahihisha madaftari ya kidato cha tatu na kulala. Hakunipigia simu. Mama yangu akiwa na jambo hapigi simu, anakuja nalo. Alinikuta uani kwangu hapa Kasulu, mikono imejaa povu, akanisalimia kwa Kiha kama kawaida yake, "Mwakeye," akapitiliza hadi sebuleni. Alikuwa na mfuko wa maharage. Akazamisha mkono ndani yake hadi kiwikoni, akachomoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga mlango. Akakifungua kile kitenge juu ya meza yangu ya chakula, na ndani yake mlikuwa na jiwe la ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Lilikuwa la kijani, kijani chepesi chenye unjano kwa mbali, kama njegere zilizochemshwa zikapondwa. Nilipolinyanyua mkono wangu ulishuka, maana lilikuwa zito kuliko nilivyotarajia. Lilikuwa pia linateleza na kunuka mawese.

"Zumaridi," Mama akasema.

"Nani kakwambia ni zumaridi?"

"Si la kijani?"

"Mama, hata parachichi ni la kijani."

"Ndiyo maana nimekuletea wewe. Wewe si ulisomea mawe?"

Mimi sikusomea mawe. Nilisomea ualimu, na somo langu ni kemia. Lakini miaka yote hii Mama amekuwa akiwaambia watu wa kanisani kwao Murungu kwamba binti yake alisomea dawa, mara alisomea mbolea, mara umeme, kutegemea shida ya anayeuliza. Safari hii shida ilikuwa yake mwenyewe, basi nikawa nimesomea mawe.

Nikamuuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. "Limetoka wapi?"

"Ardhini."

"Ardhini wapi?"

"Mwana wanje, mawe yote yanatoka ardhini. Wewe angalia jiwe."

Nikachukua kisu cha jikoni nikakipitisha pembeni mwa jiwe. Kikaacha mstari. Nikamwonyesha, nikamweleza kwamba zumaridi ni gumu sana, kisu hakiwezi kulichana. Mama akakichukua kisu, akakigusa makali kwa kidole gumba, akasema kisu changu ni kikali kupita kiasi na siku moja nitakatika nacho. Nikalimiminia siki kidogo kuona kama litatoa povu, kwa sababu mawe ya jamii ya chokaa hutoa povu yakiguswa na kitu kichachu. Halikutoa. Mama akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Unaona? Limeikataa siki."

Jumatatu alikataa kurudi kwao. Baada ya vipindi nikampeleka maabara ya shule, kwa sababu alikuwa amekataa pia kuliacha jiwe mkononi mwangu. Akakaa kwenye stuli ya wanafunzi, mkoba mapajani. Nikakwangua unga kidogo, nikautia kwenye neli ya majaribio, nikamiminia asidi. Kimya. Nikaipitisha neli juu ya taa ya spiriti, na asidi ilipopata moto vikaanza kupanda viputo vidogo vidogo, kisha vingi, na maji yenyewe yakageuka kijani.

Nakiri kwamba kwa muda ule nilisahau hasira. Hiyo ilikuwa kabonati, lakini kabonati inayosubiri ipashwe moto ndipo ikubali. Nilichokifikiria kwanza ni malakaiti, lile jiwe la kijani lenye shaba ndani yake. Lakini malakaiti ingetoa povu hata kwenye asidi ya baridi, na tena msumari ukiutia kwenye maji ya shaba hutoka umevaa wekundu. Msumari wangu ulitoka na rangi yake ya chuma ileile. Nikakaa nikiutazama. Si zumaridi, si shaba. Kitu kingine cha kijani kinachokaa ndani ya kabonati. Nikakumbuka nikeli, kwa sababu huku kwetu watu wamekuwa wakisikia habari za watafiti wa nikeli tangu tukiwa watoto.

"Enhe?" Mama akauliza.

"Si zumaridi, Mama. Nadhani lina nikeli."

"Nikeli ni nini?"

"Madini. Wanatengenezea betri, na vyuma visivyoshika kutu."

Akafikiri. "Kwa hiyo ni zumaridi ya betri," akasema.

Sasa lazima nimtaje mdogo wangu wa kiume. Ana kibanda cha kutengeneza simu sokoni hapa Kasulu, na ana marafiki katika kila kundi la WhatsApp lililopo kati ya hapa na Mwanza. Nilikuwa nimemwomba Mama asimwonyeshe jiwe. Mama alikuwa ameahidi. Jioni ya siku ileile simu yangu ikaanza kulia: picha ya jiwe la Mama, kwenye meza yangu ya chakula, juu ya kitambaa changu cha meza, na chini yake maneno "Zumaridi ghafi kutoka Kigoma, mwenye mtaji aje." Alikuwa ameimwagia rangi ile picha hata jiwe likang'aa kama taa ya barabarani.

"Umeiweka hiyo picha kwa ruhusa ya nani?" nikamuuliza kwenye simu.

"Dada, tulia. Hiyo ni kutest soko tu."

"Si zumaridi!"

"Soko halijui hilo bado."

Kesho yake Mama akataka tumwone sonara. Yupo mzee mmoja mwenye duka la pete na mikufu karibu na stendi, Mwislamu, ukoo wao una ndugu Tanga, mtu wa heshima na mwenye uvumilivu. Nilimwamkia, akampa Mama kiti, akavaa kile kioo cha kukuzia jichoni na kuligeuzageuza jiwe. Kisha akalifuta kwa kitambaa na kukinusa.

"Mama, umelipaka mafuta?"

"Mawese kidogo. Lilikuwa limefifia."

Sonara akavua kioo. Akasema kwa upole kwamba hii si zumaridi, na wala hataki kumdanganya. Ni jiwe ambalo hajawahi kulishika, lina rangi nzuri, linaweza kukatwa likawa shanga au kidani, lakini lina nyufa na huenda likavunjika kwenye mashine. Akauliza limetoka wapi.

"Buhigwe," Mama akasema bila kupepesa.

Nikamgeukia. Buhigwe! Buhigwe hatuna shamba, hatuna ndugu, na nijuavyo mimi Mama alifika huko mara moja tu, kwenye harusi. Tulipotoka nje nikamuuliza kwa nini amemdanganya mzee wa watu. Akasema wenye maduka wana masikio marefu.

Nilikuwa namfahamu binti mmoja mjiolojia. Aliwahi kuja shuleni kwetu kuzungumza na wasichana kuhusu masomo ya sayansi, na sasa alikuwa upande wa Kibondo akifanya utafiti wa nikeli. Nikampigia simu, nikamweleza majaribio yangu. Akanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa limenitokea wiki nzima, akasema, "Mwalimu, nileteeni. Na mje nalo kama lilivyo, msilisafishe."

Tukapanda basi mimi na Mama. Tukamkuta Kibondo mjini kwenye mgahawa anapokula mchana, buti zake zimejaa vumbi jekundu. Akampa Mama shikamoo, akaagiza chai tatu, akalishika jiwe. Akalipima uzito kwa kiganja, akalichana kwa sindano ya chuma, akalisugua nyuma ya kigae alichotoa kwenye begi, likaacha unga wa kijani-njano. Nikaona uso wake unabadilika.

"Ganda lake liko wapi?" akauliza.

"Ganda gani?" nikauliza mimi.

"Jiwe hili halikai peke yake. Huwa limezungukwa na kitu cha kahawia, kama kutu ya bati. Mama, halikuwa nalo?"

"Lilikuwa nalo," Mama akajibu. "Nililibandua."

"Ulilibandua?"

"Kwa nyundo na msumari. Halafu nikalichemsha na majivu, nikalisugua kwa ndimu. Lilikuwa chafu. Mtu humpeleki ugenini hajaoga."

Nilifunika uso kwa viganja. Mjiolojia akauliza kwa sauti ileile ya adabu, "Na hayo maganda uliyatupa wapi?"

"Sikutupa. Nilifukia lile dimbwi la mbele ya mlango. Sasa pamekauka vizuri."

Binti akaeleza, na nadhani alikuwa ananieleza mimi, lakini macho aliyaweka kwa Mama kwa heshima. Chini ya vilima vyetu kuna mkanda wa miamba ya kale yenye nikeli. Mwamba kama huo ukiozeshwa na mvua kwa muda mrefu sana, maji hubeba nikeli na kuishusha kwenye nyufa, na mara chache, mara chache mno, hugandia humo kama kabonati ya kijani. Lile ganda la kahawia ndilo linaloonyesha jinsi jiwe lilivyoumbwa. Ndiyo maana ilikuwa muhimu sana ajue lilipookotwa.

"Murungu," Mama akasema.

Akatoa simu, akafungua ramani. "Murungu upande gani, Mama?"

"Ule wa juu."

"Juu kwenye mto au juu shuleni?"

"Kote kote."

Binti wa watu akaizima simu polepole. Akaomba kipande kidogo akipeleke maabara kubwa pamoja na sampuli zake, akamegua cha ukubwa wa punje ya hindi. Mama akakitazama kikiingia kwenye mfuko wa nailoni kama mtu anayemwona mwanawe akipelekwa bweni.

Tukapanda basi la kurudi Kasulu. Mama naye alinisindikiza hadi kwangu badala ya kushukia kwake, kwa maelezo kwamba majibu yakija asingependa kuyasikia kwa simu. Akakaa. Akapanga upya vyombo vyangu vya jikoni. Akawaambia majirani kwamba anasubiri vipimo, nao wakaanza kumletea uji wakidhani anaumwa.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Mjiolojia alinipigia, sauti nzima imejaa furaha. Ni kabonati ya nikeli kweli, jina lake gaspeiti. Ni adimu duniani. Imepewa jina la rasi moja huko Kanada ilikotambuliwa mara ya kwanza.

Nikamweleza Mama. Akasimama na mwiko mkononi.

"Jiwe langu linaitwa jina la Kanada?"

"Ndiyo walikoliona kwanza."

"Waliliona kwanza wao. Sisi tulikuwa vipofu?" Akageukia sufuria. "Haya, bei?"

Bei ndiyo iliyotumaliza. Mjiolojia alinieleza kwa subira, na mimi nikamweleza Mama kwa subira ndogo zaidi, kwamba jiwe kuwa adimu hakulifanyi kuwa ghali. Dhahabu ina bei kwa gramu, kila asubuhi inatangazwa; gaspeiti haina. Nikeli iliyomo kwenye jiwe la ngumi moja hailipi hata gharama ya moto wa kuiyeyushia. Wanaolinunua ni wachonga vidani na wakusanyaji wa madini, nao wanataka rangi isiyo na mabaka, jiwe lisilomeguka, na wajue lilipotoka, kwa sababu liko la Australia tayari sokoni na yapo mawe mengine yaliyopakwa rangi. La kwetu lilikuwa na nyufa, mawese yalikuwa yameingia ndani ya nyufa hizo na kuacha madoa ya njano, ganda halikuwepo, na lilikuwa limetoka Buhigwe na Murungu kwa wakati mmoja. Tena hata akipatikana mnunuzi, madini hayauzwi sebuleni. Kuna soko la madini na kuna vibali.

"Kwa hiyo bei yake ni nini?" Mama akauliza.

"Hakuna anayejua, Mama."

"Umesoma miaka yote hiyo ili uniambie hakuna anayejua?"

Nikatoka nje kwenda kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

Jumapili iliyofuata mdogo wangu akaja na mgeni. Jamaa alikuwa ametoka Mwanza, amevaa koti la ngozi katika joto lile, mkononi ana kitochi kidogo. Mama alikuwa ametoka ibadani. Mgeni akalimulika jiwe, akapiga mluzi, akasema, "Zumaridi safi kabisa hii, Bi mkubwa." Nikamwambia maabara imesema ni kabonati ya nikeli. Hakuyumba. Akazima tochi, akalisukuma jiwe kwa kidole kama kitu kilichooza.

"Ah, nikeli. Basi hiyo takataka. Wala msihangaike nayo. Lakini kwa kuwa nimefunga safari, nitawasaidia niibebe, nikaitupie huko kwa watu wa betri."

Mdogo wangu akaanza kutikisa kichwa kukubali. Mama alikuwa bado hajavua kitambaa chake cha kichwa. Akalivuta jiwe hadi kwake.

"Baba, kama ni takataka, huko Mwanza hakuna takataka?"

Mgeni akacheka.

"Nauliza," Mama akasema. "Umepanda basi kutoka Mwanza, umepita majalala yote ya njiani hukuona lolote, ukaja kuchukua la kwangu?"

Jamaa aliondoka kabla chai haijachemka. Mdogo wangu akamfuata hadi barabarani akimwomba radhi, nami nikatoka kuhakikisha ameondoka; niliporudi ndani nilimkuta Mama ameliweka jiwe mapajani anaifuta ile alama ya kidole.

"Halikutoka Murungu," akasema. "Wala Buhigwe."

Nilikaa. Nilikuwa nimechoka hata kuuliza.

Ndipo akanieleza. Wakati watu walipokuwa bado wanaruhusiwa kuuziana nje ya kambi ya Nduta, Mama alikuwa akipeleka ndizi na unga wa muhogo, na mwenzake wa meza ya pembeni alikuwa mama mmoja Mrundi, mkimbizi. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Waliongea mwaka baada ya mwaka, wakazikiana wafu wao, wakapeana dawa za watoto. Yule mama alikuwa na jiwe analokandamizia turubai lisipeperuke. Alipoandikishwa kurudi Burundi alimwachia Mama turubai na jiwe vyote, kama ukumbusho. Turubai likachanika. Jiwe, lilipokwanguka siku moja, likaonyesha kijani.

"Kwa nini hukuniambia tangu siku ya kwanza?" Nilikuwa nimepandisha sauti. "Tumeenda Kibondo! Nimemsumbua binti wa watu na ramani yake!"

"Ningesema limetoka kambini wangeniuliza nilikuwa nafanya nini kambini."

"Na huyo rafiki yako hana simu?"

"Anayo. Namba ninayo."

"Unayo?"

"Humu." Akagonga mkoba.

"Mama! Si ungempigia tu ukamuuliza yeye alilitoa wapi?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa jambo dogo. "Nimpigie nimwambie nini? Kwamba amenipa utajiri bila kujua? Kama ni utajiri, ni wake pia, na sina haki ya kunyamaza. Kama si utajiri, nitakuwa nimempa mtu maskini ndoto ya bure. Ndiyo maana nilitaka kujua kwanza. Ninyi mnaniambia hakuna anayejua."

Hasira yangu haikuisha, lakini ilikosa pa kukaa. Nikachukua simu yangu, nikaweka salio, nikaipiga ile namba mwenyewe, na nilipoipata nikamkabidhi.

Waliongea muda mrefu hata nikasahau kwamba salio ni langu. Mama alianza kwa msiba na wagonjwa, akaja kwenye mvua, mwisho kabisa ndipo akataja jiwe. Nikasikia upande wa pili mtu anacheka hadi anakohoa. "Ego, ego," Mama akawa anaitikia, na yeye naye akaanza kucheka, machozi yakamtoka. Alipokata simu akanitafsiria, ingawa nilikuwa nimesikia. Marehemu mume wa yule mama ndiye aliyelitoa. Alilikuta akichimba shimo la choo, hapohapo Nduta, miaka ile walipofika. Lilimvunjia jembe.

"Na nusu yake? Anaitaka?"

"Kasema jiwe la choo nibaki nalo. Anataka mbegu za maharage yale ya njano. Ya kwao hayazai."

Nilimpigia mjiolojia. Nikamweleza, akashusha pumzi. Sasa tulikuwa na mahali, tena mahali penye maana kwake, lakini ni ndani ya kambi, kati ya nyumba za watu, ambako yeye hawezi kupeleka mtambo wala Mama kuomba leseni. Akaniomba ruhusa aandike kwenye kumbukumbu zake kwamba sampuli ilitoka kwenye shimo lililochimbwa kwa mkono. Alikuwa mstaarabu, hakuandika shimo la nini.

Maharage yalipelekwa na mtu wa kanisa lao aliyekuwa akivuka mpaka. Mama alirudi Murungu, akaliacha jiwe kwangu kwa sababu hamwamini mdogo wangu, na sasa ananipigia kila redio inapotaja bei ya nikeli. Namwambia ileile. Ananiambia niendelee kusoma.

Lakini kinachonimaliza zaidi ni habari zilizosambaa kwamba mwalimu wa kemia anapima mawe. Watu wanakuja wikendi bila hodi. Wameniletea kokoto za mtoni, kipande cha breki ya lori, mawe meupe ya barabarani, na mzee mmoja wa kanisa alisafiri kutoka Buhigwe na kitu cha kijani alichokifunga kwenye leso tatu. Kilikuwa kitako cha chupa ya soda. Nilipomwambia, alikitazama kwa huzuni, akaniuliza kama nilikuwa nimejaribu kukipasha moto.